Skrini ya Pili ya Zerihun

Siku Zerihun alipoweka choo katikati ya sebule ya kanali mstaafu, hakuwa amelewa wala hakuwa na usingizi. Alikuwa na skrini moja tu.

Mtu asiyechora ramani za nyumba hawezi kulielewa jambo hilo haraka. Mchoraji hupokea vipimo vya mhandisi kwenye ukurasa mmoja, huchora kwenye ukurasa mwingine. Kwenye kompyuta mpakato yenye kioo cha inchi kumi na tatu, kurasa hizo mbili hazikai pamoja. Ukiufungua huu, ule unajificha. Basi Zerihun alikuwa akisoma kipimo, anakikariri kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani, anageuza ukurasa, anachora. Siku hiyo, akiwa bado njiani kati ya ukurasa na ukurasa, mhudumu wa mkahawa alimuuliza kama kahawa yake itiwe maziwa mengi au machache. Zerihun akajibu, akarudi kuchora, na choo kikahamia mashariki mita nne.

Kanali aliifunua ramani ile mbele ya wakwe zake.

"Hapa ndipo nitakapopokea wageni?" alimuuliza mhandisi, kidole kikiwa juu ya choo. "Nikiwa nimekaa?"

Mhandisi aliyempa Zerihun kazi ile aliitwa Inginia Selamawit, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani mikubwa na subira ndogo. Aliwapa vijana kazi za kipande kipande, na waliomridhisha aliwaajiri. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Sikiliza, wewe mtoto," alimwambia. Ilikuwa Jumatatu. "Ijumaa tunakwenda Gerji, kwa watoto wa marehemu Desta. Ndugu watatu, kiwanja kimoja, nyumba moja: mmoja chini, mmoja kati, mmoja juu. Nimekutana nao mara nne. Mbele yangu wanakubaliana, wakifika kwao wananipigia simu wanakataa. Safari hii tunabadilisha ramani palepale, macho yao yakiona, na sahihi wanaweka palepale. Ukiniwezesha hilo, Jumatatu ijayo una meza ofisini kwangu, na mshahara. Choo kikitembea tena hata hatua moja, rudi kachore mabango ya saluni."

"Hakitatembea, Inginia."

"Utakizuia na nini?"

"Na skrini ya pili," alisema Zerihun, kama mtu ambaye skrini ya pili iko kwao kabatini. Haikuwepo.

Meza! Zerihun alikuwa na miaka mitatu tangu amalize chuo, na katika miaka hiyo hakuwahi kuwa na meza. Alifanya kazi mahali palipokuwa na umeme, na umeme wa Addis Ababa una miguu. Asubuhi aliwapigia simu marafiki: "Kwenu upo?" Wa Sarbet anasema umekwenda, wa Kazanchis anasema umerudi sasa hivi, naye anabeba begi lake kuelekea Kazanchis. Huko anakuta mkahawa umebandika karatasi mlangoni: kompyuta haziruhusiwi. Mji mzima unawahubiria vijana wajiajiri, wasisubiri serikali, wasisubiri baba. Halafu kijana akijiajiri, anafukuzwa mezani kwa sababu amekaa saa mbili na kikombe kimoja. Wazee wanaokaa hapo toka asubuhi wakimaliza ulimwengu kwa maneno, hakuna anayewabandikia karatasi.

Jumanne alijaribu njia ya bure. Mama mwenye nyumba wake, Zenebech, aliyeitwa Etiye kwa heshima ya umri wake, alikuwa na televisheni ya bapa jikoni kwake.

"Nakuazima, mwanangu," alisema. "Ila saa kumi na moja iwe imerudi, nina tamthilia yangu. Yule mume leo anakamatwa."

Zerihun aliifunga televisheni kwa shuka, akaibeba mgongoni hadi mkahawa mmoja wa Kazanchis ambao haukuwa na karatasi mlangoni, akaisimamisha mezani, akaunganisha waya. Vipimo vikakaa kwenye televisheni, ramani ikakaa kwenye mpakato. Kwa dakika tano alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini.

Kisha akasikia viti vinaburuzwa. Aligeuka akaona wanaume tisa wamepanga safu nyuma yake, kila mmoja na kikombe chake.

"Inaanza saa ngapi?" mmoja aliuliza.

"Nini?"

"Mechi."

"Ndugu zangu, hakuna mechi. Hii ni ramani ya nyumba."

Walitafakari. Hakuna aliyeondoka.

"Hii mistari ya bluu ni nini?"

"Mabomba ya maji."

"Na nyekundu?"

"Umeme."

"Bluu wanabanwa sana upande wa kushoto," alisema mzee mmoja mwenye kofia, na wenzake wakakubali kwa huzuni. Zerihun alipofuta bomba moja, wawili walipiga makofi na mmoja akatukana. Mhudumu akaja kumnong'oneza kwamba bosi amefurahi sana na wateja aliowaleta, ila anaomba aweke sauti. Saa tisa Zerihun aliifunga televisheni kwenye shuka, huku nyuma mzee wa kofia akimlalamikia kwamba ameondoka kabla ya kipindi cha pili.

Basi Jumatano alikwenda Merkato, kwenye jengo moja la maduka, ghorofa ya tatu, kwa Nuredin, muuza vifaa vya kompyuta aliyesifiwa na kila mtu kwa jambo moja: alikuwa mwongo wa wastani. Zerihun alikuwa ameandika maswali kwenye kiganja: uzito? mwanga? waya ngapi? inakula umeme kiasi gani? Mfukoni alikuwa na birr elfu kumi na saba, jasho la miezi mitano.

"Gashe Nuredin," alisema, akimwita kwa heshima kama kaka mkubwa, "nataka skrini ya pili. Ya kubeba. Ya bei ya binadamu."

"Binadamu yupi?" aliuliza Nuredin. "Maana kuna binadamu wa Bole, na kuna binadamu kama wewe."

"Kama mimi."

Nuredin alitoa kwenye boksi skrini ya inchi kumi na saba na nusu, nyeusi, inang'aa hadi Zerihun akaona pua yake mwenyewe. Aliiwasha. Rangi zilimrukia usoni. Zerihun alipenda palepale, kwa namna ya kijinga kabisa, kama mtu anavyompenda msichana aliyemwona dirishani.

"Elfu kumi na tisa. Kwako kumi na nane. Na ukiondoka bila kununua, elfu ishirini."

Zerihun alisogeza kichwa kulia, akasogeza kushoto, kama njiwa. Kila alipokaa pembeni, picha ilizama gizani.

"Mbona pembeni haionekani?"

"Hiyo ni faida! Siri yako ni siri yako. Aliyekaa pembeni anaambulia giza."

"Uzito?"

"Kilo moja na nusu. Wewe ni kijana, au umekuja kwa mkongojo?"

"Waya ngapi?"

Nuredin alikohoa. "Mbili. Mmoja wa picha, mmoja wa ukutani."

Alikuwa bado anasema neno "ukutani" umeme ulipokatika. Jengo zima liliguna kwa pamoja. Skrini kubwa ikafa na uzuri wake wote. Gizani humo, Zerihun aliona mwanga umebaki kwenye kaunta, chini ya vikombe viwili vya chai na bakuli la sukari. Sinia la Nuredin lilikuwa linawaka.

"Gashe, sinia lako lina picha."

"Hilo? Liache hilo. Ni skrini pia, ya inchi kumi na nne. Nimeiunga kwenye mpakato wangu nitazame kamera ya mlangoni. Imerudishwa mara mbili, kwa hiyo inanibebea chai."

"Imerudishwa kwa nini?"

"Wa kwanza alipoteza jalada lake, lile la kuisimamishia, akasema haisimami. Nikamwambia hata wewe ungeanguka ukikatwa miguu. Wa pili…" Nuredin alishusha sauti. "Wa pili mkewe alikuwa anaona kila kitu akiwa amesimama mlangoni. Kila pembe, inaonekana vilevile. Ndoa ilitetereka."

Zerihun aliondoa vikombe, akafuta sukari kwa mkono wa shati, akaiinua. Nyepesi kama daftari. Waya mmoja tu, kutoka kwenye mpakato: picha na umeme vyote vinapita humo. Haikung'aa kama ile kubwa, na pembeni ilikuwa na mchubuko. Lakini jengo zima lilikuwa gizani na yenyewe ilikuwa inamwonyesha mlango wa duka.

Moyo wake uliitazama mara moja tena ile kubwa. Kisha akafikiri: naipenda, lakini inamtaka mtu mwenye ukuta. Mimi sina ukuta.

"Elfu kumi na tatu," alisema.

"Kumi na sita."

"Ina duara la chai."

"Kumi na tano na nusu, na duara nakuachia bure."

Wakapeana mikono kwenye kumi na nne. Nuredin alimfungia kwenye gazeti, akabaki anaangalia kaunta yake kwa masikitiko, vikombe mkononi, hajui aviweke wapi.

Ijumaa saa nne asubuhi, Zerihun na Inginia Selamawit waliingia nyumba ya marehemu Desta. Ndugu watatu walikuwa wameshakaa, kila mmoja ukuta wake. Gashe Mulugeta, mkubwa, karani mstaafu wa mahakama mwenye masharubu yaliyochanwa, aliyetaka ghorofa ya juu na kibaraza kinachotazama barabara. Etiye Yeshi, wa kati, mjane wa kicheko kikubwa, aliyetaka ghorofa ya kati na jiko linalopata jua la asubuhi. Na Sirak, kitinda mimba wa miaka thelathini na nane, aliyetaka chini, afungue duka la vipuri.

Zerihun aliweka mpakato mbele yake na skrini kando, akaiegemeza kwenye jagi la maji. Ilikaa. Akashusha pumzi. Vipimo huku, ramani kule, choo mahali pake.

"Mimi sioni," alisema Gashe Mulugeta. Akanyoosha mkono akaigeuza skrini upande wake.

"Na mimi je?" Etiye Yeshi akaivuta.

"Mkubwa kwanza, mkubwa kwanza, tangu mama yuko hai ni mkubwa kwanza!" Sirak naye akaivuta. Jagi likaanguka. Skrini ikalala kifudifudi kwenye zulia, na Zerihun akalala juu yake kuikinga na maji, kama mlinzi wa rais.

"Hata kioo hamuwezi kugawana," alisema Inginia Selamawit, "nyumba mtaiweza?"

"Muulize huyu," walisema wote watatu, kila mmoja akimwonyesha mwingine.

Umeme ukakatika, kana kwamba nao umechoka kuwasikiliza. Betri ya mpakato ilikuwa na asilimia arobaini na nne, na skrini sasa ilikuwa inanyonya humohumo. Zerihun alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kuegemeza. Jagi limelowa, mto unateleza, Biblia haiwezekani. Palikuwa na mesobu tu, ile meza ya kusukwa kama kikapu, imewekwa katikati tayari kwa chakula cha mchana. Akakata tamaa ya kuisimamisha. Akailaza skrini juu ya mesobu, uso ukitazama dari, kama sinia.

Hapo likatokea jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa mtu.

Gashe Mulugeta aliondoka ukutani kwake, akavuta kigoda, akakaa kwenye mesobu. Sirak akavuta chake. Etiye Yeshi aliinuka, akarudi na birika na beseni.

"Etiye, ni ramani," alisema Zerihun. "Hailiwi."

"Mtu hakai kwenye mesobu na mikono michafu. Lete mkono!"

Wakanawa wote, na Inginia pia. Gashe Mulugeta akafumba macho, midomo ikaanza kubariki, akakumbuka, akakohoa, kisha akaona ameshafika mbali mno akamalizia. "Amina," waliitika wote, wakaitazama ramani.

Na wakawa watu wengine. Wamekula pamoja hapo tangu wakiwa na meno ya maziwa. Miili yao ilijua sheria. Kila mtu alishughulika na kipande kilichokuwa mbele yake. Aliyetaka kitu cha mbali aliomba. Sirak aliponyoosha kidole kuvuka hadi kwenye ngazi upande wa kaka yake, Etiye Yeshi alimpiga kibao cha mkono.

"Kula mbele yako!"

"Samahani, dada," alisema Sirak, na mtu huyu katika mikutano minne hakuwahi kusema samahani.

Zerihun alichora kama mtu aliyewashwa moto. Alifungua ghorofa moja moja, macho yakiruka kutoka vipimo hadi mistari, hakuna cha kukariri. Duka la Sirak likapanuka kwa hatua mbili. Jiko la Etiye Yeshi likahamia kwenye jua. Betri: ishirini na sita. Alipunguza mwanga wa skrini. Wakainama zaidi, vichwa vikakaribia kugusana.

"Na mimi kibaraza changu hiki hapa, barabara hii hapa," alisema Gashe Mulugeta, akichora hewani kwa kidole. "Safi kabisa. Leteni kalamu."

Inginia Selamawit alikuwa na kalamu mkononi kabla hajamaliza. Karatasi ya makubaliano ikatolewa. Zerihun akatazama mpakato wake, akamtazama mzee.

Gashe Mulugeta alikuwa amekaa upande wa pili wa mesobu. Alikuwa anaiona nyumba kichwa chini. Kibaraza alichokuwa akikishangilia kilitazama nyuma, moja kwa moja kwenye ukuta wa jirani.

Inginia naye aliliona. Macho yake yalimganda Zerihun juu ya miwani. Kalamu aliendelea kumnyoshea mzee. Mkutano wa tano huu. Sahihi ilikuwa umbali wa shubiri. Na meza, meza yenye droo labda, ilikuwa umbali wa shubiri vilevile. Mzee atakuja kugundua siku ya kuhamia, akiwa na kiti chake na kahawa yake, amekaa kuangalia matofali ya mtu. Mpaka afe.

"Gashe," alisema Zerihun, "usitie sahihi. Unaiona kichwa chini."

Etiye Yeshi alitia mkono mdomoni. Gashe Mulugeta aliinuka polepole, akaizunguka mesobu nzima, akasimama nyuma ya Zerihun, akatazama.

"Huu ni ukuta wa nani?"

"Wa Tefera," alisema Sirak.

"Nimtazame Tefera mimi? Kila siku?" Masharubu yalisimama. "Basi. Nilijua! Mkutano umekwisha."

"Dakika kumi!" alisema Zerihun, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Gashe, nipe dakika kumi. Ghorofa yako naigeuza peke yake, ya wenzako siigusi. Kaa hapa, kiti changu, uione wima."

Mzee akakaa kwa shaka, nusu ya makalio. Zerihun akapiga magoti sakafuni na mpakato wake. Betri: kumi na nne. Akaigeuza ghorofa ya juu yote kama chapati. Kibaraza kikatua juu ya barabara, na mistari ya ghorofa ya kati ikaonekana chini yake. Etiye Yeshi akapiga kelele.

"Na hiki kiduara juu ya jiko langu ni nini?"

"Choo cha kaka," alisema Sirak kwa furaha kubwa.

"Juu ya sufuria zangu!"

"Kinahama, Etiye, kinahama!" Jasho lilikuwa linamdondoka. Vipimo vya mabomba vilikuwa palepale mbele ya macho yake kwenye mpakato, na ramani kwenye skrini ndogo yenye duara la chai. Hakuhitaji kugeuza ukurasa. Akakishika choo, akakipeleka juu ya bafu la Etiye Yeshi, sentimita kwa sentimita, watu wanne wakimwelekeza kwa sauti kama wanamsaidia dereva wa lori kurudi nyuma. Lete, lete, lete, simama! Betri: sita. Akahifadhi. Akahifadhi tena, kwa hofu.

Gashe Mulugeta aliitazama nyumba yake wima. Akaizunguka mesobu, akaitazama kichwa chini. Akarudi, akaitazama wima.

"Barabara," alisema.

"Barabara, Gashe."

Akatia sahihi. Wadogo zake wakafuata, na Etiye Yeshi akasimama hapohapo kwenda kuleta chakula, maana ilikuwa saa saba, na Ijumaa ni siku ya mfungo, haina nyama na inafundisha njaa. Alirudi na sinia la injera, ule mkate mpana laini kama chapati ya maji, limejaa mchuzi mzito wa shiro, dengu na sukuma, na Zerihun aliwahi kuinyakua skrini sinia likiwa hewani.

Alikuwa amepiga magoti, skrini kwapani, waya shingoni, mpakato uliokufa mkononi, Etiye Yeshi alipomgeukia na tonge la kulishwa kwa mkono, kubwa kama ngumi ya mtoto.

"Huyu amekataa kumdanganya kaka yangu. Fungua mdomo!"

Tonge likaingia lote. Mashavu yakajaa, macho yakatoka machozi ya pilipili. Ndipo Inginia Selamawit, akiwa anakunja karatasi ya sahihi, aliponena bila kumtazama:

"Ungeninyima sahihi ile, ningekuua. Ungenyamaza, nisingekuajiri. Jumatatu saa mbili utakuwepo?"

"Mmm!" alisema Zerihun.

"Sisikii."

"Mmmm!"

"Tonge moja halitoshi, kwetu moja huleta ugomvi," alisema Gashe Mulugeta, tayari amefinyanga lake, kubwa kuliko la kwanza. Sirak naye alikuwa anakunja mikono ya shati, akisubiri zamu yake.

"Nauliza mara ya mwisho," alisema Inginia. "Unaitaka kazi au huitaki?"

Zerihun aliitikia kwa kichwa, juu chini, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, hadi dengu zikamrukia Inginia kwenye miwani.